Mrejesho: akaunti ya pamoja, mkopo wa nyumba na zamu za watoto

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau: niliuliza nifanyeje, ndoa inavunjika, tuna akaunti ya pamoja, mkopo wa nyumba wenye majina yetu wote, na watoto wawili wanaoulizana kila jioni watalala kwa nani.

Akaunti tumeifunga. Kabla ya hapo nilichapisha taarifa za benki za mwaka mzima nikazipitia na kalamu nyekundu, ndipo nikajua hela ya matumizi ilikuwa inaishia wapi. Uliyenishauri hilo, ubarikiwe.

Mkopo ndio ulionitoa jasho. Nilidhani tukiandikishana kwamba mume wangu atalipa, mimi nimetoka. Kumbe benki haifungwi na makubaliano yetu. Sahihi yangu ipo, akikwama wananifuata mimi. Basi nyumba inauzwa, deni lilipwe, kitakachobaki tugawane. Nililia, sikatai.

Matunzo: ada analipa moja kwa moja shuleni, mengine ananitumia kila mwezi na mimi naandika daftarini. Mwezi wa pili alichelewa. Nikataka kumzuilia watoto, wakili akanikatalia katakata: kumwona baba yao ni haki ya watoto, na deni la matunzo lina njia yake ya kudaiwa. Nikanywea.

Zamu ni wiki kwa wiki. Tunabadilishana Ijumaa shuleni, mmoja anawapeleka asubuhi, mwingine anawachukua jioni, kwa hiyo hatugombani mlangoni. Mdogo bado anahama na mto wake. Nimemnunulia wa pili, kaukataa.