Tableti ya bibi iko Kibokoni, bili yaingia Columbus

Binti wa Bondeni, Columbus, Ohio:

Assalaam aleikum jamaa zangu, shikamoo ami. Mwaikumbuka ile tableti nlompelekea bibi Kibokoni, ile nlopewa bure nlipoenda kubadilisha simu? Basi tangu siku ile bili yangu imepanda na haishuki. Nimepiga kastoma kea, nikawekewa muziki mpaka sikio likapata moto, mwisho dada mmoja akaja kwa laini akaniambia tableti ni bure kabisa, ninacholipa mimi ni huduma. Huduma gani jamani, na tableti iko Mombasa, bibi yuwaangalia mawaidha na kuongea na wajukuu kwa wai-fai ya jirani? Nilimtumia ami picha za bili pembeni, akasema niyalete huku kwa grupu kila mtu asikie. Mimi nataka kuikata hiyo laini leo leo. Nikate ama?

Ami wa Kuze, Mombasa:

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Usikate kitu leo, tulia kwanza.

Bili yako nimeichapisha pale saiba Digo Road maana kwa simu macho yangu hayashiki tena maandishi madogo, nimekaa nayo na kalamu. Hizi bili za Marekani nazisoma tangu nikiwa huko, na hata baada ya kurudi nyumbani wapwa na watoto wa marafiki bado wanitumia zao, kwa hivyo mchezo huu si mgeni kwangu. Kwa laini ya tableti kuna mistari minne. Wa kwanza malipo ya kifaa, dola 20. Wa pili krediti ya promosheni, yaani wakurudishia yale malipo ya kifaa, toa dola 20, na hapo ndipo ile bure yao ilipo, yule dada hakukudanganya. Wa tatu laini yenyewe, dola 20. Wa nne kodi na ada, dola 3 na vichele. Sasa mkataba wako ni miezi 24, zidisha: 23 mara 24 ni dola 552. Tableti hiyo hiyo dukani bei yake ilikuwa dola 480. Na hapo sijatia zile dola 35 za kuwasha laini walizokutoza kwa bili ya kwanza, wala kodi ya mauzo ambayo ulilipa dukani siku ile ile kwa bei kamili ya tableti, si kwa bei ya ofa.

Tableti ni chambo tu. Wanachouza ni laini. Kila kifaa cha namna hiyo, tableti, saa ya mkononi, kile kidude cha kumfuatilia mtoto, kile cha gari, kina laini yake na nambari yake ya simu hata kama hujawahi kuiona hiyo nambari, na laini haijui kama kifaa kinatumika ama kimewekwa kabatini. Haijui kama kiko Ohio ama Kibokoni. Yenyewe yahesabu mwezi.

Jana baada ya laasiri nlikwenda kwa bibi tukaifungua pamoja. Juu pembeni imeandika hakuna huduma. Simkadi ya Marekani bado imo ndani, haijawahi kushika mtandao wa huku hata dakika moja. Yule mjukuu mdogo ashajaribu kutia laini ya hapa, ikamkatalia, kwa sababu tableti imefungwa na kampuni mpaka deni la kifaa liishe. Bibi akaniangalia akaniuliza, "Kwani yataka nini tena hii, si inaonyesha picha?" Nami ntamwambia nini. Dola 23 huku ni karibu shilingi elfu tatu, yaani pesa ya wai-fai ya nyumba nzima kwa mwezi, na bibi bado aomba paswadi kwa jirani.

Sasa kuhusu kukata. Watu wengi wakigundua wanapandwa na hasira wanakata, kisha bili inayofuata inawaangukia, kwa sababu ukikata laini kabla ya muda, krediti inasimama na deni lililobaki la kifaa mara nyingi ladaiwa lote kwa mpigo. Kwako wewe bado miezi 15. Ukikata, utalipa 15 mara 20, dola 300, basi. Ukiendelea mpaka mwisho utalipa 15 mara 23, dola 345, na kifaa hutolipia. Kwa hivyo kwako kukata ni nafuu kidogo, si sana, lakini faida kubwa ni kwamba deni likiisha waweza kuomba tableti ifunguliwe na bibi atie laini ya hapa.

Lakini si kila mtu akate! Angalia mistari miwili tu, krediti ya mwezi na gharama ya laini ya mwezi pamoja na kodi zake. Kama laini ni ghali kuliko krediti, kata. Kama krediti ndiyo kubwa, mathali umepewa tableti ya dola 720 na wakurudishia 30 kila mwezi na laini ni 23, vumilia mpaka mwezi wa mwisho halafu ndo ukate. Na huo mwezi wa mwisho uandike kwa kalenda ya ukutani, kwa sababu krediti itakwisha yenyewe, deni litakwisha lenyewe, ila laini haifi yenyewe. Itaendelea kukutoza mpaka wewe useme. Hapo ndipo wanapokula watu wengi, mkataba ushaisha, kifaa ni chako, na dola 23 zaenda mwaka mzima na wewe wajua ulishamaliza.

Kaka wa Tudor, Minneapolis:

Ami mimi kidogo nitapinga kwa heshima zote. Hakuna aliyelazimishwa, yule kijana wa dukani alikupa karatasi ukasaini kwa kidole kwa ile skrini, yote yameandikwa. Tena kuna watu laini hiyo waitumia kweli, mimi naendesha lori na tableti yangu iko na data yake njiani na sijuti. Shida yetu sisi twasikia "bure" twasimama hapo hapo.

Ila kuna jambo moja mmelisahau na limemkuta jamaa nnayekaa naye nyumba moja. Alihamisha nambari yake ya simu kwenda kampuni nyengine ya bei nafuu, simu ikahama vizuri, yeye akajua akaunti ya zamani ishafungwa. Kumbe kuhamisha nambari kwafunga laini ile moja tu. Laini ya saa yake ya mkononi ilibaki kule peke yake, na kwa sababu sasa haikuwa na mwenzake lile punguzo la laini nyingi likaondoka, ikapanda bei! Na kadi ilikuwa imewekwa kulipa yenyewe kwa hivyo hata hakuona mpaka alipokaa kupitia taarifa za benki akitafuta kitu chengine kabisa.

Ami wa Kuze:

Umesema kweli kakangu na hilo la kuhamisha nambari ni kubwa kuliko langu. Lakini kwa hilo la karatasi sikubaliani nawe sana. Ile karatasi yaja wakati simu mpya ishafunguliwa, data yahamishwa, mtoto yuwalia, foleni nyuma, na yule kijana ana hesabu yake ya laini anazotakiwa kuongeza kwa mwezi. Atakwambia "ntakuongezea na hii, ni bure". Hasemi ntakufungulia laini. Mtu mzima mwenye digrii zake yuwasaini, sembuse aliyefika juzi.

Na kuna mstari mwengine watu wahesabu ni kodi ya serikali kumbe si kodi. Ile ada ya usimamizi, na ile ya kufidia gharama za sheria, hizo ni za kampuni yenyewe, serikali haiwalazimishi kukutoza, na waweza kuipandisha wakitaka. Kodi ya jimbo ni jambo jengine. Zote zimelaliana pamoja chini ya bili ndo maana hutofautishi. Halafu chungulia kama kuna bima ya kifaa. Wengi hutiliwa pale pale dukani bila kuuliza bei, na kwa tableti ya kuangalia mawaidha sioni maana yake.

Kwa wanaotaka kuchukua kifaa sasa: tangu Aprili 2024 makampuni makubwa huko Marekani yalazimika kuonyesha lebo ya bei ya intaneti kabla hujanunua, imeigwa kwa zile lebo za vyakula, ina bei ya mwezi na ada za kampuni. Iombe uisome kabla hujatia kidole popote. Na mkigombana na kampuni hamsikilizwi, kuna tume ya mawasiliano, FCC, malalamiko yapelekwa kwa mtandao bure bila wakili, na kampuni ikishapelekewa yatakiwa ijibu kwa siku 30. Nimeona watu waliozungushwa na kastoma kea miezi, walipopeleka huko wakapigiwa na mtu mwengine kabisa, mwenye sauti ya adabu.

Mama wa Leicester:

Salaam. Huku Uingereza mambo haya yako lakini yamekaa tofauti kidogo. Sisi mara nyingi mkataba wa kifaa na wa laini ni viwili mbali mbali, kwa hivyo kifaa chaweza kuisha na laini ikaendelea ama kinyume chake, soma tarehe zote mbili. Kitu kizuri ni kwamba mikataba ya kuanzia 17 Januari 2025, Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huku, imekataza ile ya kupandisha bei katikati kwa kufuata mfumuko wa bei, sasa yatakiwa waseme mapema ni pauni ngapi na senti ngapi na itapanda lini. Haijazuia kupanda, imezuia kufichwa. Na ukinunua kwa mtandao ama kwa simu una siku 14 za kughairi, dukani hiyo huna, ndo maana mwanangu nimemwambia asinunue kitu dukani hata kama yule kijana ana sura nzuri. Mkataba ukikaribia kwisha pia walazimika kukujulisha. Sasa wewe usiufute ule ujumbe ukidhani ni matangazo.

Binti wa Bondeni:

Ahsanteni sana, ami Mungu akuweke. Nimeongea nao tena, mara hii kwa chati badala ya kupiga ili maneno yabaki. Nikaomba mambo kwa mpangilio: deni la tableti lililobaki ni kiasi gani, wakasema 300 kama ulivyohesabu. Laini ikikatwa leo itatozwa mpaka lini, wakasema mpaka mwisho wa mzunguko wa bili, siku zilizobaki hazirudishwi, basi nikawaambia waiweke ikatike siku ya mwisho ya mzunguko nisiwape siku za bure. Kwanza wakataka kunipa punguzo la dola 5 kwa laini kwa miezi sita nisiondoke. Nikapiga hesabu ya ami, kweli ikawa 18 chini ya 20, nikakaribia kukubali, halafu nikaona ni ya miezi sita tu na tableti itabaki imefungwa na mimi pia itanibidi nikumbuke kuikata tena baadaye. Nikakataa. Nimepiga picha chati yote na nambari ya kumbukumbu ninayo.

Sasa swali la mwisho msinichoke. Bwanangu naye ana saa yenye laini yake, tena yeye simu haimwachi mkononi hata akiwa chooni. Nikikata laini ya saa, saa itakufa?

Ami wa Kuze:

Haifi. Saa ikiwa karibu na simu yatumia bluetuthi, ujumbe waingia, simu zaingia, hatua zahesabiwa, kila kitu. Laini yake yafaa kwa mtu anayetoka bila simu, mkimbiaji ama mtu mzima anayeishi peke yake mkataka awe na namna ya kupiga akianguka. Bwanako si mkimbiaji, namjua. Angalia tu kama saa nayo ilikuja kwa krediti, ukikuta iko basi rudi kwa ile hesabu ya mistari miwili kabla ya kukata, na kama aliinunua taslimu kata leo leo kama ulivyotaka mwanzo. Halafu bili mbili zinazofuata nitumie zote, maana laini "iliyokatwa" kuonekana tena mwezi wa pili si ajabu, na ikitokea uwape ile nambari ya kumbukumbu warudishe pesa. Tableti deni likisomeka sufuri omba ifunguliwe kwa maandishi, nijulishe, mimi ntampelekea bibi simkadi.