Naambiwa "badili mtazamo". Nibadili nini hasa?

Fundi_Msamvu:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, banda langu liko jirani na stendi ya Msamvu. Kidato cha nne nilipata F ya hesabu, nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ikarudi F ileile. Chuo ninachokitaka wanadai angalau D. Kila nikifungua simu nakutana na mhamasishaji kavaa suti: amka saa kumi alfajiri, jiambie unaweza, kimbia marafiki hasi. Saa kumi naamka, tena kwa sababu ya sare za watoto wa watu zinazosubiri vifungo! Kujiambia naweza, nimejiambia. Ila nikiona tu swali lina x, mkono unakuwa mzito, namsikia mwalimu wetu akisema wasichana wa sanaa tusimmalizie chaki. Mliovuka, mlibadili nini? Nipeni kitu cha kushika, si maneno ya kwenye fulana.

Mwl_wa_Zamu:
Dada, anza kwa kuacha kusema "sijui hesabu". Haikuambii ufanye nini kesho. F ni chini ya alama 30. D inaanzia hapo, C inaanzia 45. Karatasi ina maswali 14: kumi ya alama sita sita, manne ya alama kumi kumi. Kwa hiyo wewe unatafuta alama 30, basi. Ingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, upakue taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Wanaonyesha jibu zuri na jibu bovu, kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe, na wanaeleza kakosea wapi. Kisha fanya swali moja la takwimu, uweke kidole palepale ulipokwama. Cherehani ikiruka uzi huwa unasema hujui kushona? Si unaangalia sindano kwanza!

Mzee_wa_Eldoret:
Mwalimu amesema vizuri, lakini mimi ningeuliza kama mlango wenyewe ndio huo. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, akashinda Hamburg, na 2016 akachukua dhahabu Rio. Kocha hakubadilisha, ni Patrick Sang yuleyule. Alichobadilisha ni umbali. Hakuna kozi isiyodai hesabu, binti yangu?

Kapuku_Mstaafu:
Wote mnaongea kama vile ana siku nzima ya kusoma. Mtihani ni Novemba, na msimu wa sare ni Desemba na Januari. Dada, msimu ukipita tenga lisaa limoja asubuhi kabla wateja hawajaja, na simu umwachie jirani. Moyo hata uwe wa chuma, bila hiyo saa utaishia kusoma maoni yetu humu.

Fundi_Msamvu:
Asanteni sana. Mzee wangu, shikamoo, kozi sibadili. Mwalimu, nimepakua, nikajaribu swali la sehemu. Unajua nilikokwama? KDS, kigawe kidogo cha shirika! Ya shule ya msingi kabisa, nilikuwa nafika hapo naruka swali zima. Kuna mtu Moro ana kitabu cha hesabu cha darasa la sita aniazime? Nitamshonea suruali bure, kitambaa aje nacho.