Kidole cha Bi

Kikundi: WATOTO WA KIBOKONI (watu 23)

*Jumatatu*

Zuhura 19:42
Assalamu alaikum nyote. Leo sitaki mzaha. Kile kidonda cha Mama, kidole cha pili mguu wa kushoto, ni wiki ya tatu sasa na hakijafunga. Alhamisi apelekwe hospitali. Nataka gari, nataka mtu wa kukaa naye foleni, na nataka pesa. Anayeweza kitu aseme.

Zuhura 20:31
Watu 17 mmesoma. Nawaona.

Fumo 20:33
Da Zuhura wengine twaogopa hata kupumua humu 😂

Mwanamvua 20:40
Pole wifi. Mimi nilidhani ni sugu tu ya champali. Lakini kwa kuwa mmetaja miguu, jamani kisigino changu! Asubuhi nikishuka kitandani zile hatua za kwanza ni kama nakanyaga misumari. Nikishasimama kwenye karai la mahamri kidogo chapoa. Jioni nikiketi nikainuka, kimerudi.

Zuhura 20:41
Mwanamvua twazungumza habari ya Mama.

Fumo 20:42
Hayo ni mahamri yalipiza kisasi. Umeyachoma miaka 15

Khalid 20:55
Kama ni zamu ya miguu na mimi niandikwe. Mwezi uliopita dole gumba lilinishika saa nane usiku, jekundu, moto, hata shuka ikiligusa napiga kelele. Siku tano likapoa lenyewe.

Fumo 20:56
Shemeji wewe na maini ya kila Ijumaa pale Mwembe Tayari, wallahi dole limeshtaki

Zuhura 20:58
GARI. NANI ANA GARI ALHAMISI.

Saida 21:15
[Picha]
Khalati hiki hapa kidole cha Bi, nimempiga sasa hivi akiwa amelala. Akiwa macho hakubali. Yuwasema hakimuumi kwa hivyo si ugonjwa.

Saida 21:17
Na kuna jambo sikuwaambia. Ile siku ya kwanza nilikuta msumari mdogo kwenye champali yake, umetoboa soli umeingia ndani. Alitoka nayo Kibokoni mpaka Marikiti, akanunua samaki, akarudi. Hakuhisi chochote. Aliona damu tu kwenye sakafu.

Mwanamvua 21:20
Ya Rabbi

Swaleh 22:48
Nimetoka kazini sasa, huku Muscat tumechelewa. Dada nitumie hesabu, tutaona.

Zuhura 22:49
"Tutaona" naijua Swaleh.

*Jumanne*

Hafsa 02:10
Shangazi samahani, niko zamu ya usiku, ndiyo naona. Saida, hii picha ni ya jana usiku kweli? Ule weusi pembeni ya ukucha ni kivuli au ni ngozi?
Akiamka, weka mgongo wa mkono wako juu ya mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Niambie upi una moto.

Saida 06:25
Si kivuli. Wa kushoto una moto, na umevimba mpaka unyayoni. Nimemuuliza waumwa? Asema siumwi, naona naumwa na maswali yako tu.

Hafsa 06:31
Kutoumwa ndiko kunaniogopesha. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi yaua mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hukanyaga msumari, huungua kwa maji moto, na habari haifiki kichwani. Na damu nayo yafika kwa shida, kwa hivyo kidonda hakifungi. Kikishuka mpaka mfupani, dawa ya kupaka haifanyi kitu.
Asingoje Alhamisi. Ni leo.

Zuhura 06:33
Leo nina kikao kazini siwezi kutoka. Ndiyo maana nilisema ALHAMISI na nikasema NANI.

Hafsa 06:36
Shangazi ngozi nyeusi, moto, uvimbe. Kimoja tu kati ya hivyo ningesema leo. Akipata na homa ni leo hii saa hii.

Fumo 07:50
Subhaal kheir. Mbona usiku wote simu yalia

Fumo 07:58
Nimesoma. Pole sana Mama Mkubwa. Mimi pikipiki yangu iko gereji ningempeleka

Zuhura 07:59
Mama na pikipiki, Fumo. Miaka 74.

Fumo 08:00
Nilisema NINGEmpeleka

Mwanamvua 08:22
Hafsa mwanangu kabla hujalala, kisigino changu basi?

Hafsa 08:29
Huo ni ule utepe mgumu wa chini ya unyayo, unaotoka kisigino kwenda vidoleni. Umechoka. Kabla hujashuka kitandani vuta vidole kuelekea kwako, hesabu mpaka thelathini, rudia. Chupa ya maji igandishe kwenye friza uiviringishe chini ya unyayo. Na usisimame pekupeku kwenye vigae, vaa kiatu chenye soli nene hata jikoni. Wengi hupona bila kisu ila ni miezi, wengine mwaka. Kikiuma hata umelala, au ukipata ganzi, hapo nenda wakutazame.

Mwanamvua 08:31
Mwaka!! Nani atapika mahamri?

Khalid 08:40
Na dole langu daktari?

Hafsa 08:44
Ami Khalid hiyo yaonekana jongo, ile gauti, lakini sisemi kwa simu. Kapime damu, asidi ya yuriki. Punguza maini, nyama nyekundu, dagaa. Na likirudi likiwa na homa usingoje siku tano, kwa sababu usaha ndani ya kiungo huanza hivyo hivyo, nao hula mfupa. Kuvijua viwili hivi mbalimbali mara nyingine ni mpaka wavute maji ya kwenye kiungo. Nalala sasa. NI LEO.

Fumo 08:45
Na supu ya pweza?

Fumo 08:46
Kimya. Amelala. Shemeji kula pweza mpaka aamke 🐙

Zuhura 10:12
Nimempigia Mama. Yuwasema ameshaweka maji ya chumvi ya moto, atachovya mguu. SAIDA ondoa hiyo beseni! Hahisi moto huyo!

Saida 10:19
Nimeimwaga. Amenikasirikia. Nimempimia kwa kiwiko ilikuwa moto wa kumenya kuku.

Mwanamvua 16:52
Jamani na mimi tena. Abuu kateguka mguu uwanjani Makadara, kifundo kimevimba kama limau. Nimpeleke kwa Khalati Mize akakandwe?

Zuhura 16:53
HAPANA.

Zuhura 16:54
Mwanamvua kwa nyumba yetu hii neno kukandwa lisitajwe.

Fumo 17:01
Da Zuhura taratibu, mamangu yumo humu.

Zuhura 17:02
Najua yumo. Baba alikandwa wiki ngapi? Mafuta ya nazi, habasoda, vitambaa. Na sote twajua mwisho wake.

Hafsa 17:10
Nimeamka. Shangazi Mwanamvua, Abuu aweza kutembea hatua nne mwenyewe hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza zile nundu mbili za kifundo, ya nje na ya ndani, upande wa nyuma, aruka?

Mwanamvua 17:16
Hatua nne katembea analia. Ukibonyeza ya nje kwa nyuma apiga yowe.

Hafsa 17:18
Basi eksirei. Yowe likiwa juu ya mfupa ni eksirei hata kama atembea. Kwa sasa barafu ndani ya kitambaa, mguu juu ya mto, asikandwe. Yeyote.
Na BI AMEENDA?

Bi Mize 17:25
[Sauti 1:52]

Fumo 17:31
Kwa wasioweza kusikiliza: Mama yuwasema yeye hakujipeleka kwa marehemu. Aliitwa. Alisema siku ya tatu mguu huu wanuka upelekeni, akaambiwa hospitali ni ghali, endelea. Yuwasema aliyesema ghali yumo humu ndani.

Swaleh 17:40
*Ujumbe huu umefutwa*

Khalid 17:41
Nimeuona kabla hujafutwa 😶

Zuhura 17:42
Swaleh.

Zuhura 17:50
Swaleh sema.

Swaleh 18:06
Dada ile ilikuwa mwaka ule wa Mtwapa. Wewe wajua pesa zilikuwa wapi. Tusirudi huko mbele ya watoto.

Mwanamvua 18:10
Abuu kapelekwa. Twangoja eksirei. Foleni hapa ni kama ya feri.

Fumo 18:12
Likoni saa kumi na mbili jioni au?

Ami Athman 20:03
Huyu ni Nassir naandika, Ami hana miwani. Yuwasema niandike kama alivyosema nisiongeze.

Ami Athman 20:09
"Shebe alikaa siku arubaini juu ya mkeka pale ukumbini, sisi tukibishana nani atatoa na nani atamshika mkono. Mguu haukutungoja. Ile karatasi ya kuridhia akatwe niliitia sahihi mimi. Walinisomea, nikatia, nikatoka nje nikaketi kwenye baraza mpaka magharibi. Sitatia ya pili. Mwanaisha aende. Na Mize asitajwe tena kwa ubaya, alikanda kwa kuwa tulimwita. Mimi ni mmoja wa waliomwita."

Zuhura 21:47
Sawa Ami. Nimesikia.

Bi Mize 21:50
🤲

Swaleh 22:15
Nimetuma elfu kumi na tano kwa Saida. Nyingine mwisho wa mwezi. SHA ya Mama, ile bima ya afya, imelipiwa?

Zuhura 22:16
Nilidhani wewe ndiye ulisema utalipa.

Swaleh 22:17
Mimi nilidhani wewe

Hafsa 22:20
Saida ana simu, piga *147# uangalie sasa hivi. Ikiwa haijalipwa mwendeni hivyo hivyo, msikae kwa ajili ya hiyo. Coast General, mwambieni wa mapokezi ni mguu wa sukari, ngozi imekuwa nyeusi, asiwekwe nyuma ya wenye mafua. Wataanza na sukari na damu inavyopita mguuni, watapiga picha ya mfupa, kisha ndiyo wa mifupa wamwone. Akiambiwa alale, alale.

Zuhura 22:24
Kesho asubuhi basi. Saida muandae saa kumi na mbili na nusu. Fumo tafuta tuktuk ya mtu unayemjua, si ya kuparamia. Khalid wewe hukai ofisini asubuhi, utakaa naye foleni.

Khalid 22:40
Kesho nina mtu wa Kilifi anakuja kuona gari. Naweza kuanzia saa nne.

Zuhura 22:41
Saa nne nambari zimeshakwisha!

Fumo 22:44
Tuktuk tayari. Juma wa Sparki. Kasema saa kumi na mbili na nusu kali kama bunduki ya daku.

Mwanamvua 22:58
Abuu ana ufa mdogo kwa mfupa. Plasta wiki nne mpaka sita. Afadhali hakukandwa. Samahani Khalati Mize, sikusema kwa ubaya.

Bi Mize 23:01
[Sauti 0:06]

Fumo 23:02
Kasema "Apone mwanangu"

Hafsa 23:05
Alhamdulillahi. Na Saida, usiku huu osha kile kidonda kwa maji safi, kausha baina ya vidole, funika kwa kitambaa safi kikavu. Usitie kitu. Si asali, si dawa ya meno, si unga wa kahawa. Ukucha usikatwe na mtu.

Saida 23:07
Unga wa kahawa ulishatiwa asubuhi. Si mimi.

Hafsa 23:07
😐

*Jumatano*

Fumo 06:34
Juma yuko nje. Apiga honi. Jirani mmoja ameshamtukana

Zuhura 06:35
Saida mtoeni

Zuhura 06:41
SAIDA

Saida 06:44
Khalati Bi hayuko.

Zuhura 06:44
Hayuko vipi?

Saida 06:46
Nilikuwa naswali. Mwenye duka asema amemwona amepita baada ya alfajiri na buibui lake. Kuna msiba Bondeni, yule rafiki yake wa madrasa. Kaacha neno kwa mwenye duka: atazika kisha atarudi, hospitali haikimbii.

Zuhura 06:47
Kaenda na nini?

Saida 06:47
Kwa miguu.

Hafsa 06:48
Amevaa nini mguuni

Saida 06:50
Vile viatu vya soli nene alivyonunuliwa na Khalati viko hapa mlangoni. Champali hazipo.

Fumo 06:51
Juma yuwauliza aelekee Bondeni au azime injini