Shokweivu ya unyayo na kano: mnaoshika mashine, tupeane uzoefu

Mama_Mbio_Karura: Wenzangu, nimepita Ngong Road nikaona bango jingine la shokweivu, ile mashine ya kugongagonga penye maumivu: kisigino kupona kwa siku moja! Wanaoijua kazi hii waseme. Mnafanya nini hasa, na ni wapi huharibika?

Fizio_Mtaani: Siku moja ni ya bango. Kawaida ni vikao 3 hadi 5, kimoja kwa wiki, na nafuu hupimwa wiki ya 12. Kwa maumivu ya unyayo, mgonjwa analala kifudifudi, mguu ukining'inia nje ya kitanda. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka upate penye maumivu, weka alama kwa kalamu, paka jeli bila ubahili. Mapigo kama 200 ya kwanza yawe bar 1.5 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa) azoee, kisha panda polepole hadi 2 au 2.5, mapigo 8 hadi 10 kwa sekunde. Jumla 2,000, dakika nne hivi. Maumivu yasipite 6 kwa 10. Akianza kushika kitanda, shusha. Usimchome ganzi. Yeye ndiye anayekuonyesha mahali, na tena ganzi hupunguza matokeo.

Jirani_wa_Umoja: Hapo kwa wiki ya 12 umenena. Watu hukata tamaa ya tatu.

Fundi_Mitambo: Mbona hakuna anayetaja mkono wa mashine? Ndani yake kuna bomba, na ndani ya bomba kirungu cha chuma. Hewa ya kompresa inakirusha, kinagonga kichwa kinachogusa ngozi. Kirungu na mipira yake huchakaa, hubadilishwa kila mapigo milioni 1 au 2 kutegemea mashine. Mwenye kliniki akibania pesa ya vipuri, kioo kitaandika bar 3 na mgonjwa apate pungufu, halafu aambiwe mwili wake ni mgumu. Dalili: mlio umebadilika, mapigo yanarukaruka, mkono unachemka upesi. Jeli ikiingia kichwani na kukauka, kirungu kinakwama. Fungueni mpanguse kila jioni.

Daktari_Mkavu: Hiyo ya kirungu si shokweivu. Ni wimbi la shinikizo linalopanda taratibu na kutawanyika, nguvu nyingi ikiishia karibu na ngozi. Shokweivu halisi ni ya kulenga: nguvu inakutana ndani, inapimwa kwa milijuli kwa milimita mraba. Imetokana na mashine za kuvunja mawe ya figo, Munich, 1980.

Fizio_Mtaani: Daktari, mwenye unyayo haulizi fizikia. Ya kutawanya imejaribiwa kwa unyayo na ikasaidia.

Daktari_Mkavu: Na bega lenye kalsiamu iliyojikusanya kwenye kano? Huko ndani utafika na kirungu?

Fizio_Mtaani: Bega nakuachia.

Kocha_Kasarani: Endeleeni kubishana. Kuna kijana wa mbio ndefu aliyekuwa na kano ya kisigino iliyovimba. Akachomwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, papo hapo kwenye kano. Wiki hiyohiyo tumbo likamsumbua, duka la dawa likampa antibiotiki, siprofloksasini. Hakuna aliyemuuliza kitu, akapandishwa kwenye mashine, nguvu juu, kwa sababu mbio zilikuwa karibu. Maumivu yakapungua, naye akadhani amepona. Kwenye mazoezi ya mlima, paa! Akageuka kwa hasira kutafuta aliyempiga teke. Nyuma hapakuwa na mtu. Alipolazwa kifudifudi na msuli wa nyuma ya mguu ukabinywa, wayo haukusogea hata kidogo. Ukiona hivyo, kano imekatika. Hiyo ni ya daktari wa mifupa, usigonge.

Jirani_wa_Umoja: Ngoja kwanza. Dawa ya tumbo inakata kano?

Daktari_Mkavu: Kundi lile lote la antibiotiki linaweza. Marekani iliweka onyo zito kwenye pakiti mwaka 2008. Ikichanganywa na steroidi, hatari inazidi.

Mama_Mbio_Karura: Na hapa unaipata dirishani bila karatasi!

Fizio_Mtaani: Ndiyo maana maswali hutangulia jeli. Steroidi chini ya wiki 6? Ngoja. Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, au ugonjwa wa damu isiyoganda? Hapana. Ujauzito, saratani au usaha mahali pale, hapana. Wala si juu ya mapafu. Wala mtoto ambaye mfupa bado unakua, hata kama mzazi ndiye anasisitiza.

Mguu_Mwepesi: Baada ya kikao meza ibuprofen, weka barafu, lala.

Fizio_Mtaani: Usimeze! Tunataka mwili ujibu, wewe unauzima. Usilale pia. Punguza kukimbia siku mbili hivi, uendelee na kuinua visigino, 15 mara 3.

Kocha_Kasarani: Kwenye ngazi, kisigino kishuke chini kabisa.

Fizio_Mtaani: Maumivu yakiwa katikati ya kano, sawa. Yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni. Ukishusha unaibana kano kwenye mfupa.

Mguu_Mwepesi: Basi supu ya mifupa, soko la Burma. Hiyo haina masharti.

Fundi_Mitambo: Supu mle. Lakini kabla ya kulipa, mwombe aonyeshe kioo: mapigo mangapi tangu kirungu kibadilishwe? Mashine nyingi huhesabu zenyewe. Akisema haijui, uliza leseni yake ya Baraza la Fiziotherapia ukiwa bado umevaa viatu.