Hivi yule jamaa wa orodha ya Jumatano anatuonaje?

Kisu_cha_Tabata (mleta mada)

Wakuu, naandika hapa chai imepoa na mkono unatetemeka. Simtaji. Hakuna haja ya kumtaja, mnamjua wote. Kila Jumanne usiku lazima apandishe orodha yake ya komiki mpya za wiki, zile zinazotoka Jumatano, kama vile wachapishaji wenyewe, Marvel na DC, wamempigia simu kumwomba kibali. Huyo huyo.

Leo nimeuliza swali la kistaarabu kabisa: "Mkuu habari, wiki hii nina hela ya matoleo mawili tu, katika hayo tisa uliyoweka nianze na yapi? Ahsante." Salamu ipo, shukrani ipo. Jamaa akajibu mbele ya kadamnasi: "Kama hela yako ni ya komiki mbili, kasome gazeti la kufungia maandazi."

Gazeti la kufungia maandazi!

Vicheko vikamiminika hadi simu ikapata moto. Watu niliowasaidia humu ndani, niliowapa mwongozo wa X-Men usiku wa manane wakiwa wamepotea, nao wakacheka.

Sasa sikilizeni. Toleo moja la kawaida la Kimarekani siku hizi ni dola 3.99 au 4.99. Hiyo 4.99 ukiigeuza ni zaidi ya 12,000 zetu, na ndani kuna kurasa 20 na ushee za hadithi, zilizobaki matangazo. Unamaliza kabla daladala haijavuka taa za Buguruni. Mawili kwa wiki ni kama 25,000, mwezi ukiisha umekaribia laki. Laki! Kuna mtu analipa kodi ya chumba kwa hela hiyo. Kwa hiyo mtu akisema ana hela ya mawili, huyo si wa kuchekwa, huyo amekaa chini akapiga hesabu. Kuchagua ni kazi ya mwenye mawili. Mwenye hela ya tisa hachagui, anazoa.

Na mimi nachagua kwelikweli. Simfuati mhusika, namfuata mwandishi na mchoraji, kwa sababu Batman akiandikwa hovyo ni mtu mzima aliyevaa masikio. Nasoma kurasa za mwanzo zinazowekwa bure kabla ya siku yenyewe. Naangalia kama toleo limefungwa kwenye yale matukio makubwa yao, maana hayo ni mtego: unanunua kitabu kimoja, kinakuambia habari inaendelea kwenye vingine vitatu vya watu usiowajua, na bila hivyo huelewi kwa nini fulani analia.

Oktoba 2024 ilipotoka Absolute Batman namba 1 ya Scott Snyder na Nick Dragotta, nani humu aliandika "Batman mwingine tena, piteni hivi"? Si yeye? Nikaacha kumsikiliza, nikanunua kwa akili yangu. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, humo hana utajiri, ni mhandisi wa jiji, mama yake yu hai, na ile nembo ya popo kifuani ni kichwa cha shoka. Anaing'oa kifuani anapigana nayo! Nilikaa kwenye ukurasa ule hadi skrini ikazima yenyewe. Toleo hilo likaja kuchapwa upya mara kadhaa kwa jinsi lilivyogombaniwa. Bingwa wetu alituambia tupite hivi.

Huyu ni mtu ambaye hadi leo kwenye orodha yake anaandika kwamba DC hutoka Jumanne! DC walihamia Jumanne mwaka 2020, wakarudi Jumatano Julai 2024. Dunia nzima imerudi Jumatano, yeye peke yake kabaki Jumanne. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuniambia mimi nikasome gazeti la kufungia maandazi?

Lenye mafuta!

Nataka aombe radhi hapahapa, kwenye uzi huu, mchana kweupe.

Mbagala_Rangi3

Nimewahi kiti cha mbele. Ngoja waje.

mchora_kimya

Pole mkuu. Mimi mwezi uliopita nilimuuliza kama kitabu fulani kinafaa kwa mtoto wa miaka kumi, akaniambia nimpe mtoto daftari achore mwenyewe. Yule si bure.

Binti_Ukerewe

Kwanza umesema taa za Buguruni. Taa za Buguruni saa 12 jioni mtu anasoma kamusi nzima akaanza upya. Mfano wako umekufa hapo.

Pili, hongera kwa kunitolea siri. Nilikuwa sijasoma hiyo Absolute Batman. Sasa najua mama yupo na shoka ipo, nimebakiwa na nini? Kava?

Kisu_cha_Tabata (mleta mada)

Binti, kitabu ni cha 2024. Na hiyo si mada. Mada ni kwamba mtu mzima ameniambia nikasome gazeti la kufungia maandazi kwa sababu nimetaja bajeti yangu. Ameona neno "mawili" akasahau utu.

Binti_Ukerewe

Mimi nasoma vikitoka kwa mkusanyo, matoleo sita kwa pamoja, ninyi mnaokimbilia kila Jumatano ndio mnatuharibia. Fungueni uzi wenu wa siri mkaeleze mambo ya shoka huko.

OtakuWaKinondoni

Yaani kuna watu wanalipa 12,000 kwa kurasa 20 za rangi halafu wanasubiri mwezi mzima kwa kurasa nyingine 20? Njooni huku kwenye manga, komiki za Kijapani. Programu ya Manga Plus ipo tangu Januari 2019, ya Shueisha wenyewe wachapishaji, halali kabisa. Sura tatu za kwanza na tatu za mwisho unasoma bure. Sura mpya zikitoka Japani usiku wa manane wa Jumatatu, kwetu ni Jumapili saa 12 jioni. Unatoka kanisani, unakula, unalala kidogo, unasoma. Hakuna wa kukutukana.

Mbagala_Rangi3

Hakuna wa kukutukana? Wewe si ndiye uliyemwaga mwisho wa sura ya One Piece Jumapili saa 12 na dakika tatu, kwa herufi kubwa, kwenye uzi wa Simba na Yanga?

OtakuWaKinondoni

Ule ulikuwa uzi wa mchanganyiko.

Mbagala_Rangi3

Ulikuwa wa penalti!

Nyarugusu_hadi_Ohio

Habari za huko ndugu zangu. Niko Columbus, Ohio, na mimi ningeomba kutukanwa tu ingekuwa nafuu. Huku kwenye komiki za karatasi mambo ni mengine. Ukitaka uhakika wa kitabu unaacha majina dukani, wanakuwekea pembeni kila Jumatano. Duka lenyewe hufunga oda zake kama wiki tatu kabla kitabu hakijatoka, na mara nyingi wakishanunua hawawezi kurudisha. Kwa hiyo usipotaja mapema, hawaagizi, na wengi wasipotaja, kitabu kinakufa kabla hakijazaliwa. Kuchagua kwetu si wiki hii, ni wiki tatu nyuma, kwa kusoma maelezo ya mistari miwili.

Basi mimi nilitaja. Nikataja na kava nililolitaka. Jumatano nafika baada ya zamu ya usiku, macho mekundu, muuzaji ananiambia "nimempa mwingine, nilidhani huji." Nilidhani huji! Kila wiki naenda! Tangu msambazaji wa komiki Diamond aombe ulinzi wa kufilisika Januari 2025, kila kitu kikichelewa wanamsingizia Diamond. Sasa na hili la kumpa mwingine Diamond anahusikaje?

mchora_kimya

"Nilidhani huji" ni mbaya kuliko maandazi. Samahani mleta mada.

Kisu_cha_Tabata (mleta mada)

Si mbaya kuliko maandazi! Yule muuzaji alikosea, huyu wa kwetu alikusudia. Alikaa, akafikiri, akachagua mafuta na andazi, akaandika, akatuma. Na sasa hivi yupo hewani, taa yake ya kijani inawaka, anausoma uzi huu.

Mbagala_Rangi3

Ameweka dole gumba kwenye mada yako.

Kisu_cha_Tabata (mleta mada)

Dole gumba! Mmeona? Ananipa dole gumba badala ya radhi!

Wanjiku_wa_Ronga

Jameni, kutoka huku Nairobi. Huyo msee wenu akisema "gazeti" kama matusi, amekosea sana. Mimi komiki ya kwanza kusoma maishani ilikuwa Shujaaz, 2010, iko ndani ya Daily Nation, ama unaipata kwa wakala wa M-Pesa. Bure. Sheng safi, mhusika wake DJ Boyie anarusha matangazo ya redio akiwa chumbani kwake, na ndani wanakufunza kufuga kuku. Nilikuwa nangoja itoke kuliko mshahara wa mama. Hatukuchagua kitu, ilikuwa moja tu na tuliisoma mtaa mzima. Na kabla ya hapo babu alikuwa na katuni ya Juha Kalulu kwenye Taifa Leo. Kwa hivyo magazeti muyaheshimu.

Lakini pia wewe mleta mada, laki kwa mwezi? Buda.

Shangazi_Rukia

Mwanangu Kisu, futa machozi kwanza. Hilo gazeti la kufungia maandazi unalolililia, sisi wengine ndiko tulikosomea. Sani, lile gazeti la katuni, ikifika kwetu Muheza ilikuwa imeshapita mikono ya watu, kurasa hazina mpangilio. Unanunua vitumbua, unafungua, unamkuta Lodi Lofa kuanzia kiunoni kwenda juu. Miguu imeenda na vitumbua vya mtu mwingine. Unarudi kwa mama muuza, unamwomba akubadilishie karatasi, anakufukuza. Mimi nilijua Ndumilakuwili amemfanyia mtu ubaya ila sikujua nani, hadi nilipoolewa mjini nikakuta toleo zima. Marehemu Philip Ndunguru alikuwa anachora uso wa mtu mwenye hila hadi unaangalia kama mfuko wako upo.

Kinachoniuma mimi si hayo. Kaka yangu alikuwa na sanduku la bati, limejaa Sani na komiki za Kingo wa James Gayo, amezipanga kwa miaka. Wifi akaja. Wifi akasafisha. Wifi akawashia mkaa.

mchora_kimya

WIFI AKAFANYA NINI?

Nyarugusu_hadi_Ohio

Subiri. Sanduku zima?

Shangazi_Rukia

Sanduku zima, mwanangu. Akasema karatasi za zamani zinashika moto vizuri. Kaka alirudi kazini akakuta maharage yameiva.

OtakuWaKinondoni

Mimi niko tayari kwenda Muheza sasa hivi. Naombeni nauli.

Kisu_cha_Tabata (mleta mada)

Poleni kwa sanduku, Shangazi, shikamoo. Lakini tusitoke nje ya mada. Jambo nililoleta hapa ni dharau. Mtu ameombwa ushauri wa kuchagua, na ushauri ndio kazi aliyojipa mwenyewe, hatukumchagua kwa kura.

Shangazi_Rukia

Marahaba. Maharage yenyewe yalikuwa hayana chumvi.

chapchap_255

Kwani kuna watu wanalipia komiki 😂😂 ngoja niwape tovuti moja iko hapa

Msimamizi

Kiungo cha tovuti ya wizi kimeondolewa. Chapchap, hili ni onyo la mwisho. Wengine endeleeni kwa lugha ya staha, na suala la wifi msilichochee.

Wanjiku_wa_Ronga

Suala la wifi lazima lichochewe.

Daktari_wa_Kurasa

Mleta mada, dawa ya tatizo lako ni subira. Lipia maktaba ya Marvel ya mtandaoni, Marvel Unlimited, karibu dola 10 kwa mwezi. Vitabu vinaingia miezi mitatu baada ya kutoka. Huchagui mawili, unasoma hadi macho yaume, na orodha ya yule bwana haikuhusu tena.

Kisu_cha_Tabata (mleta mada)

Daktari, miezi mitatu! Kwenye uzi huu huu Binti amelalamika siri ya kitabu cha 2024, wewe unaniambia nikae miezi mitatu humu ndani bila kuambiwa nani kafa? Nataka kusoma Jumatano, siku ambayo watu wote wanakisia kitakachofuata. Kwa hilo niko tayari kulipa, kwa mawili yangu, na nastahili kujibiwa.

Daktari_wa_Kurasa

Umenena. Ila mimi nina donda langu. Mnaikumbuka Comixology, ile programu ya kununulia na kusomea komiki? Ilianza 2007, Amazon wakainunua 2014, na kwa miaka ilikuwa mahali pazuri kabisa pa kuchagulia: unafungua, vya wiki viko pale vimepangwa kwa mchapishaji, unaona kurasa za mbele, unaamua. Februari 2022 wakaisukumia ndani ya Kindle, programu yao ya vitabu, Desemba 2023 wakaifunga programu yenyewe. Sasa kutafuta komiki mpya za wiki ni kuchimba kisima katikati ya riwaya za mapenzi. Na ule mchoro unaochukua kurasa mbili zikiungana? Kwenye simu unakuja umekatwa katikati ya pua.

mchora_kimya

Katikati ya pua! Juzi nimeona sura ya Wonder Woman nusu Jumatano, nusu nyingine nikaipata baada ya kuzungusha simu hadi ikaniuliza kama nataka kupiga namba ya dharura.

Nyarugusu_hadi_Ohio

Ndiyo maana nimeng'ang'ania karatasi, hata kama wanampa mwingine.

Kisu_cha_Tabata (mleta mada)

Wakuu, mmesahau? MAANDAZI.

Binti_Ukerewe

Shangazi, hivi kwenye lile sanduku kulinusurika hata kimoja?

Shangazi_Rukia

Kingo wanne. Walikuwa chini ya godoro la kaka. Hawana kava, na mmoja ana doa la dawa ya mbu.

OtakuWaKinondoni

Doa si tatizo. Bei?

Nyarugusu_hadi_Ohio

Nilitaka kuuliza mimi kwanza. Shangazi, nikitumiwa Ohio nauli ya posta nalipa mimi.

Shangazi_Rukia

Njooni pembeni mmojammoja, na asije wa kuniuliza kama wifi anajua.