Asidi gani inafaa kushusha pH ya maji kutoka 8.2? Nyanya zangu zinageuka njano

Mche_Mmoja:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada wa haraka, nyanya zinaninyima usingizi na hapa nyumbani wameshaanza kunicheka.

Nina ndoo 12 za lita 20. Udongo nimechanganya mwenyewe: mboji, samadi iliyooza vizuri na udongo wa juu kidogo. Mbolea ya chumvichumvi sitii hata chembe. Maji ni ya kisima. Tatizo ni majani machanga ya juu, yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, jani zima linakuwa kama wavu. Ya chini yako safi. Nikanunua kile kipimo cha kalamu cha pH (yaani ukali wa asidi, namba ikishuka asidi imezidi), maji yakasoma 8.2. Nyanya nasikia zinataka 6 hadi 6.8.

Swali langu ni moja tu: nitumie asidi gani, na kwenye lita 20 naweka kiasi gani? Msiniambie nibadilishe maji, sina mengine.

NgojaNione:
Ngoja wajuvi waje. Mimi nipo pale nimekaa.

Mama_Bustani:
Mwanangu, mimi nalima miaka yote hii na hiyo pH sijawahi kuiona kwa macho. Msimu mmoja bilinganya zangu zilikuwa njano hivyo hivyo. Huyu akaniambia weka ndimu, yule akasema siki, mwingine akaniletea unga sijui wa nini. Kumbe nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni kama naogesha mtoto mchanga! Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia na inanuka kama shimo la maji machafu. Nikaacha kumwagilia siku nne, zikarudi. Punguza maji, hayo mengine ni kujitafutia presha.

JembeButu:
Kwa taarifa yenu, hiyo pH aliibuni Mdenishi mmoja anaitwa Sørensen mwaka 1909, akiwa maabara ya Carlsberg. Ndiyo, Carlsberg hao hao wa bia. Kwa hiyo mkuu, kabla ya kuisumbua nyanya jua kwamba umeingia kwenye mambo ya walevi.

Mche_Mmoja:
Nashukuruni, lakini simwagilii kupita kiasi, naingiza kidole kwanza. Nataka jina la asidi na kipimo chake.

KemiaYaJikoni:
Mkuu, jina la asidi nitakupa ukilitaka, ila kwanza vumilia kidogo.

pH ya maji peke yake haikwambii maji hayo yataufanya nini udongo. Chukulia baiskeli na lori lenye shehena, vyote vinakwenda mwendo mmoja. Ukiviangalia vinapita huoni tofauti. Jaribu kuvisimamisha ndipo utajua. pH ni ule mwendo. Shehena ni bikaboneti zilizoyeyuka kwenye maji, ndizo watu wa maji wanaziita alikali ya maji. Kuna maji ya kisima yanasoma 8.2 na yana shehena kidogo tu, yakigusa mboji yanatulia pale pale mboji inapotaka. Na kuna maji yanasoma 7.4 tu lakini yamebeba lori zima, hayo ukimwagilia miezi mitatu ni sawa na kunyunyiza chokaa kila siku. Wenye vitalu vya miche huanza kushtuka alikali ikizidi kama miligramu 150 kwa lita, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti.

Halafu mboji yenyewe siyo sahani tupu. Inashika tindikali na kuiachia kidogo kidogo, haiyumbishwi na ndoo moja ya maji. Ndiyo maana wanaolima kwenye maji bila udongo lazima wapime pH karibu kila siku, wakati wewe mwenye mboji ungeweza kuisahau. Mvua safi inasoma karibu 5.6 kwa sababu inabeba kaboni dayoksaidi ya hewani, na sijaona mtu anaifunika bustani ya mboji ili mvua isiichachushe.

Sasa naomba majibu:
Hiyo kalamu uliirekebisha kwa vimiminika vya pH 7 na pH 4 kabla ya kupima?
Maji ulipima yakiwa yametoka tu kisimani au yamelala kwenye ndoo? Ya kisima yakilala wazi gesi inatoka na pH inapanda yenyewe.
Udongo wenyewe unasoma ngapi? Umetaja maji tu.
Na tangu upande, umeongeza nini juu ya udongo?

TangiLaSamaki:
Naongezea hapo kwa Kemia. Sisi wafuga samaki wa mapambo tuna kipimo cha matone cha hiyo alikali, tunaita KH. Unachota mililita 5 za maji, unadondosha tone moja moja huku unatikisa. Maji yanakuwa bluu, bluu, bluu, halafu tone moja linakuja yanageuka njano papo hapo. Kile changu kila tone ni digrii 1, na digrii 1 ni miligramu 17.9 kwa lita. Mimi samaki wangu wa kwanza niliwaua kwa ujinga huu huu wa kushusha pH. Leo nashusha, kesho imepanda, leo nashusha, kesho imepanda. Siku ya tano wote wanaelea. Haikuwa pH iliyowaua, ni mimi na kupandisha na kushusha kwangu.

Mche_Mmoja:
Kalamu ilikuja ikiwa tayari, imeandikwa hivyo kwenye boksi. Maji yalilala. Udongo sijapima kwa sababu ni wa mboji, na mmesema wenyewe mboji inajiweka sawa.

KemiaYaJikoni:
Swali la mwisho umelikwepa.

Mche_Mmoja:
Sijakwepa. Ni vitu vya asili tu.

Mama_Bustani:
Vitu gani hivyo? Taja.

Mche_Mmoja:
Majivu ya kuni. Kiganja kimoja kila ndoo, kila wiki. Nilisoma yana potasiamu na nyanya zinapenda potasiamu, na ni kweli, sijabuni. Na ni ya asili, mti umetoka ardhini unarudi ardhini. Sioni yanahusikaje wakati kipimo kimeonyesha shida iko kwenye maji.

JembeButu:
Kila wiki!! Mkuu hizo ni nyanya au unachoma mishikaki humo ndani ya ndoo?

KemiaYaJikoni:
Kwa miezi mingapi?

Mche_Mmoja:
Minne. Kuna wiki niliruka.

KemiaYaJikoni:
Basi acha maji yapumzike. Majivu ya kuni sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, ile ile iliyomo kwenye chokaa. Ukiyaloweka, maji yake yanafika pH 10 na kuzidi, watu walikuwa wanayachuja na kupikia sabuni. Shambani kiganja kinapotea. Kwenye lita 20 hakina pa kwenda.

Udongo ukishapita 7.5 hivi, madini ya chuma yamo humo humo lakini yanakuwa kama kutu, hayayeyuki, mzizi unayapapasa na kuyaacha. Chuma nacho hakihami kutoka jani la zamani kwenda jipya, ndiyo maana ya juu ndiyo yana njano na ya chini hayana neno. Ingekuwa naitrojeni, yangeanza ya chini.

Pima udongo hivi: chukua kikombe kimoja cha udongo wa katikati ya ndoo, siyo wa juu, changanya na kikombe kimoja cha maji yaliyokenekwa au ya mvua, koroga, subiri nusu saa, koroga tena, pima. Kalamu uirekebishe kwanza. Hayo ya boksini achana nayo.

Mche_Mmoja:
Sawa, majivu nitapunguza. Lakini si bado nikishusha pH ya maji nitakuwa narudisha udongo chini? Asidi itapambana na majivu. Hesabu inakubali kabisa.

Bwana_Mpole:
Kijana umekuja kuomba ushauri au kuomba baraka? Kizazi hiki mnauliza huku mkono mmoja umeshafungua chupa. Zamani mkubwa akisema acha, unaacha.

ShahidiWaMacho:
Wakuu naona mnakunywa chai bila sukari hapa. Someni uzi vizuri. Huyu bwana ana kipimo cha kusoma pointi, anajua njano ya mishipa ya kijani, anajua nyanya zinataka 6 hadi 6.8, ila hajui majivu yanafanya nini? Na picha hakuna hata moja. Kingine, mwezi uliopita kulikuwa na uzi wenye swali hili hili, ukurasa wa pili akatokea jamaa na "dawa ya kushusha pH" na namba ya simu. Subirini, chupa inakuja.

NgojaNione:
Nimesogeza kiti mbele.

Mche_Mmoja:
Sina dawa yoyote ya kuuza. Picha nitaweka kukipambazuka, hapa ni giza. Hizi ndoo 9 nitazipiga moja moja ukitaka.

ShahidiWaMacho:
Ndoo ngapi?

ShahidiWaMacho:
Juu kabisa ulisema 12. Hizo tatu zimekwenda wapi? Chai imemwagika yenyewe.

JembeButu:
Duh. Shahidi ungesomea uhakimu.

Mama_Bustani:
Mwanangu sema tu. Hatukuoni, hutujui, aibu ya nini.

Mche_Mmoja:
Haya. Ndoo tatu nilijaribu kabla ya kuja hapa. Nilitumia maji ya betri. Nilisoma kwamba ni asidi ya salfa na kwamba kuna wakulima wakubwa wanatia asidi hiyo kwenye maji ya umwagiliaji. Niliweka kifuniko cha chupa kwenye ndoo ya maji, kalamu ikasoma 6.4 nikafurahi. Siku ya pili hazikuwa na kitu. Siku ya tatu nikaongeza. Zikanyauka kuanzia ncha za majani, kama zimepitiwa na moto. Ndiyo maana niliuliza kiasi, sikutaka kuharibu zilizobaki. Sikusema kwa sababu nilijua mtanishambulia, na kweli.

Bwana_Mpole:
Nilisema mimi.

KemiaYaJikoni:
Hakuna anayekushambulia. Wakulima wakubwa wanafanya hivyo kweli, ila wana majibu ya maabara ya maji yao, wanajua shehena ni kiasi gani na wanatia asidi kwa hesabu ya shehena. Wewe ulikuwa unakisia kwa kifuniko. Na mizani ya pH inapanda kwa kumi kumi: kutoka 8 kwenda 6 ni mara 100. Shehena ikishakwisha, tone linalofuata linakuangusha chini ghafla, kama tone la mwisho la TangiLaSamaki. Kalamu isiyorekebishwa inaweza kusema 6.4 huku maji yako chini zaidi.

Umeigusa kwa mikono?

Mche_Mmoja:
Nilivaa glavu. Suruali ina matundu mawili.

ShahidiWaMacho:
Matundu ya suruali mtu habuni. Lakini picha bado naidai.

TangiLaSamaki:
Mkuu usinunue kitu kingine. Nenda kwenye duka lolote la samaki wa mapambo na chupa ya maji yako, wengi wanakupimia KH hapo hapo.

Mche_Mmoja:
Nimerudi. Picha ziko hapo chini, Shahidi hesabu mwenyewe.

Duka la samaki: bluu ikageuka njano tone la tano.

Nikarekebisha kalamu kwa vimiminika. Kwenye cha 7 ilikuwa inasoma 7.6, kwa hiyo ilikuwa inanidanganya muda wote. Maji ya kisima sasa yanasoma 7.6 yakiwa yamelala. Udongo wa ndoo tatu kati ya zile tisa, nusu saa kila moja: 7.9, 8.0, 7.9. Kisha nikakumbuka nina gunia la mchanganyiko ule ule lililobaki, halijawahi kuona majivu. Limesoma 6.7.

Nimekaa pale chini na kile kikombe nusu saa nyingine.

TangiLaSamaki:
Matone 5 ni kama miligramu 90. Hayo maji ningefugia samaki bila wasiwasi.

KemiaYaJikoni:
Gunia limekujibu kuliko sisi sote. Maji hayana kesi.

Majivu usipunguze, acha kabisa. Kwangua udongo wa juu unaoonekana wa kijivu, utupe. Pale weka mchanganyiko wa lile gunia, na kama linatosha, mimea midogo uihamishie humo moja kwa moja. Mikubwa iongezee mboji juu, mwagilia maji yako kama yalivyo. Salfa ya unga inashusha udongo, ila inategemea bakteria waile kwanza, ni wiki nyingi hadi miezi, kwa nyanya za msimu huu haitawahi. Ukiona njano inazidi, kuna chuma cha cheleti, yaani kilichoshikwa na kemikali inayokilinda, aina ya EDDHA ambacho hakifungwi na udongo wa alikali. Zile aina za EDTA usipoteze hela, kwenye 7.9 haziwezi kukaa. Majani yaliyokwisha kuwa njano mengi hayatarudi, angalia yanayochipua mapya.

Swali jingine, na hili usilikwepe. Yale maji ya betri yalitoka kwenye chupa mpya au yalitoka kwenye betri?

Mche_Mmoja:
Kwenye betri. Ya pikipiki, kuukuu.

KemiaYaJikoni:
Basi yana madini ya risasi, ni sumu. Udongo wa ndoo tatu usiumwage bustanini wala usiurudishe kwenye mboji. Ufunge kwenye mfuko mzito, weka mbali na watoto na kuku, peleka wanakopokea betri chakavu. Asidi iliyobaki nayo iende huko huko. Usiimwage chooni.

Mama_Bustani:
Na glavu zivae tena.

Mche_Mmoja:
Sawa. Ila kuna moja kati ya zile tatu imechipua ubavuni, kijani kabisa, ndilo jani zuri kuliko yote niliyonayo. Hiyo naiacha?

KemiaYaJikoni:
Ng'oa.

JembeButu:
Atatuambia ndoo zilikuwa nane.