Watunga nchi za kufikirika, wananchi wenu wanasikiliza nini? Wanasoma nini? Wanacheka nini? Nimechoka!

Wakuu habari za muda huu, salamu zangu leo ni fupi maana nina hasira na nimekaa nayo tangu juzi usiku.

Nimeanza gemu mpya, jina silitaji. Nchi yenyewe ni ya kutunga, imewekwa Afrika, ina bendera, ina jeshi, ina rais wa maisha mwenye miwani ya jua, ina almasi, kila kitu kipo. Nikaingia baa nikasema ngoja nipumzike kabla ya misheni inayofuata. Juu ya kaunta kuna redio. Nikasogea nikabonyeza. Ikatoa ngoma, ngoma tupu yaani, hakuna gitaa, hakuna mtu anayeimba, hakuna mtangazaji, sekunde kama kumi hivi alafu inaanza upya. Nikasimama pale nikahesabu mizunguko ishirini nikidhani labda kuna kitu kitabadilika, wapi! Pembeni kuna wazee wanne wamekaa meza moja wanacheza karata. Nikawazunguka kwa nyuma nichungulie wana nini mkononi. Nyeupe. Karata nyeupe pande zote, hazina picha wala namba, na wazee wanacheka, kicheko kilekile kimoja, yule wa kulia sauti inatoka kabla mdomo haujafunguka. Ukutani kuna kabati la vitabu, nikalifuata, kumbe ni picha imebandikwa, mgongo mmoja mwekundu umerudiwa rafu nzima na maandishi yamegeuka kama unasomea kwenye kioo.

Nikatoka, nikavuka barabara, nikaingia duka la silaha. Bunduki arobaini na moja! Kila moja ina jina, ina maelezo ilitoka wapi, unaweza kuishika ukaigeuza ukaona mikwaruzo kwenye kitako. Na muuzaji akanikaribisha "Jambo! Hakuna matata!"

Nikazima.

Sasa naomba mnisikilize vizuri maana najua kuna watu watakuja na "ni gemu tu kaka". Mi sina shida na nchi ya kutunga, nazipenda, nimekua nazo. Shida yangu ni kwamba mtu anakaa anaunda taifa zima, anachora ramani, anaandika vita vya miaka mia, anaipa sarafu na wimbo wa taifa, alafu anasahau kwamba humo ndani kuna watu ambao jioni wakitoka kazini wanataka kusikiliza kitu, wanataka kusoma kitu, na kubwa kuliko yote wana utani wao wenyewe wanaotaniana. Watu wasio na utani wao ni sanamu, na mi naona kinyaa kukimbia mtaani katikati ya sanamu.

Tuanze na muziki. Skyrim, gemu ya mwaka 2011, inasifiwa dunia nzima na mimi mwenyewe naipenda mno. Humo ndani kuna vitabu mamia unaweza kufungua ukasoma mwanzo mpaka mwisho, hapo nawapa heshima, mpaka tamthilia ya kihuni ya yule kijakazi Mwargonia (Waargonia ni watu-mijusi wa mle ndani) ipo, mtu alikaa akafikiria kwamba hawa watu nao lazima wana kitabu wanachokificha chini ya godoro. Safi kabisa. Lakini nenda kwenye nyumba zao za wageni ukamwombe mwimbaji akuimbie. Ana nyimbo chache zinahesabika kwa vidole! Kuna ule wa Ragnar, jamaa mwenye majigambo mengi anaishia kukatwa kichwa na mwanamke, mzuri, unachekesha, mara ya kwanza. Ukienda mji mwingine mwimbaji mwingine, Ragnar. Unapanda mlima siku nzima kwenye theluji unafika kijiji kingine, Ragnar. Na mbaya zaidi ni hii: nchi iko kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, waasi wana wimbo wao wa kuwatukana watu wa Dola, yaani upande wa serikali, na watu wa Dola wana wimbo wao wa kuwatukana waasi, na nyimbo zote mbili ni tuni moja! Maneno tu ndo yamebadilishwa! Watu wanachinjana na hakuna hata mmoja kwenye nchi nzima aliyeshtuka akasema jamani mbona hawa wametuibia wimbo wetu. Kwenye nchi yenye watu wa kweli hiyo ingekuwa ugomvi wa miaka hamsini, kila upande ungedai wa kwanza ni wao na wazee wangekuwa na ushahidi. Hapo kulikuwa na hadithi nzima imelala, wakaipita.

Wakanda sasa, nchi ya kutunga ya Black Panther. Hii najua nitatukanwa lakini nasema. Imetungwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, na tunaambiwa ipo huku kwetu mashariki mwa Afrika. Filamu ikatoka 2018, watu wanaongea Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, kwa sababu mzee John Kani aliyecheza mfalme kwenye filamu ya 2016 ni Mxhosa na alipendekeza waongee lugha yake, na wazo lake lilikuwa zuri kuliko Kiingereza cha kuigiza. Muziki ukatungwa na Ludwig Göransson, jamaa akasafiri mpaka Senegal akazunguka na Baaba Maal, akarekodi ngoma na sauti za kule, akachukua Oscar mwaka 2019. Kazi nzuri, sibishi, nimeusikiliza ule muziki mara nyingi sana. Ila niambieni, taifa lililopita dunia yote kwa teknolojia, treni za ajabu, ndege za ajabu, kijana wa Wakanda Ijumaa usiku anasikiliza nini? Nani anavuma? Nani amepitwa na wakati mpaka baba yako pekee ndo anamsikiliza na wewe unaona aibu? Na watoto wao wanacheza gemu gani na hiyo teknolojia yote? Tumeonyeshwa ngoma za kumtawaza mfalme, ngoma za vita, ngoma za msiba. Kila muziki una kazi ya serikali.

Na hapa ndo naumia zaidi kama mtu wa Kiswahili. Mwaka 2005 gemu ya Civilization IV ilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, sala ile ile mnayoijua, katunga Christopher Tin, Mmarekani. Mwaka 2011 ule wimbo ukapata Grammy, na ndo ilikuwa mara ya kwanza muziki wa gemu kupata Grammy. Mara ya kwanza kabisa duniani, na lugha ni hii tunayoandikia hapa! Kwaya nzima inaimba, maneno kamili, sarufi kamili. Kwa hiyo mtu asije akaniambia haiwezekani au wachezaji hawataelewa. Iliwezekana. Alafu miaka yote hii baadaye mimi naingia duka la silaha kwenye nchi ya kutunga napigiwa "Jambo! Hakuna matata!" na mtu mwenye karata nyeupe kwa jirani yake.

Vitabu na utani nataka niviseme pamoja. Kuna Molvanîa, nchi ya kutunga ya Ulaya Mashariki, jamaa wa Australia waliitolea kitabu cha kuongoza watalii mwaka 2003, na kwenye jalada tu tayari wameshawasema watu kwamba hawajaguswa na daktari wa meno. Wakaipa na mwimbaji wake, Zladko Vladcik, na wimbo wa kielektroniki wenye Kiingereza kilichovunjika. Watu wengi wanaipenda na kuna sehemu nilicheka, lakini kicheko chote kinatoka nje kwenda ndani. Mtalii ndo anacheka. Mmolvanîa mwenyewe anacheka nini? Anamtania nani? Kule kijijini ana msemo gani kuhusu watalii wanaokuja na kitabu mkononi wakiangalia meno yake? Kitabu kizima hakuna anayemuuliza. Na hao hao wakaendelea wakatoa nchi nyingine mbili kwa mtindo ule ule, moja Asia moja Amerika ya Kilatini.

Linganisheni na gemu ya Papers, Please ya mwaka 2013. Arstotzka, nchi ngumu, baridi, rangi zote kijivu, wewe ni afisa wa mpakani unagonga mihuri na ukikosea unakatwa mshahara na mtoto wako anaumwa. Nchi ya mateso tupu. Alafu anakuja mzee mmoja, Jorji, anakupa pasipoti kaichora mwenyewe kwa mkono, ya nchi inaitwa Cobrastan. Cobrastan haipo! Yaani ndani ya nchi ya kufikirika kuna mtu ana nchi yake ya kufikirika na anataka umgongee muhuri. Unamkatalia, hakasiriki, anaondoka zake na siku nyingine anarudi tena. Mi pale ndo niliamini Arstotzka ina watu. Yule mzee mmoja na karatasi yake alinitosha kuliko ramani yote, kwa sababu ule ni utani ambao mtu wa dunia ile tu ndo angeuleta, mtu aliyesimama foleni ya mpakani maisha yake yote.

Na sisi wenyewe tunalijua hili tangu zamani ndo maana nashindwa kuelewa. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi iko angani, mtu anaitwa Karama kashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria na anayemshtaki ni waziri jina lake Majivuno. Waziri Majivuno! Jina tu limeshamaliza kesi. Ngũgĩ wa Thiong'o naye kwenye riwaya yake akatupa nchi ya Aburĩria, waziri mmoja kaenda ng'ambo kupanuliwa macho ili amwonyeshe mtawala kwamba anamwonea kila adui, mwenzake kwa wivu akaenda kupanuliwa masikio. Hizo nchi hazina ramani ya rangi wala bunduki arobaini na moja, lakini ukifunga kitabu unajua kabisa watu wa kule wakikaa kibarazani wanamsema nani.

Hata muziki peke yake unaweza. Christian Vander, mpiga dramu Mfaransa, alianzisha bendi ya Magma mwaka 1969 na akatunga lugha nzima ya sayari yake ya Kobaïa, wanaimba kwa lugha hiyo mpaka leo na watu wanaenda kwenye shoo wanaimba nao. Gemu ya The Sims, ile ya kuendesha maisha ya watu majumbani, nao wana lugha yao isiyo na maana yoyote na bado Katy Perry na Lily Allen waliingia studio wakarekodi nyimbo zao upya kwa lugha hiyo, ili mtu wako kwenye gemu akiwasha redio asikie kitu cha kwao. Kwa ajili ya redio ya jikoni! Mimi nimepewa ngoma ya sekunde kumi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mdau mmoja kasema hivi vitu havina maana kwa sababu watu wananunua gemu wapige risasi, muziki na karata ni upuuzi wa pembeni. Mkuu, kwenye gemu ya Witcher 3 ya 2015 kuna sehemu unaingia baa ya Novigrad, dada mmoja Priscilla anapanda jukwaani na kinanda chake cha nyuzi, baa nzima inanyamaza, hakuna risasi wala upanga, unakaa unamsikiliza mpaka amalize. Muulize yeyote aliyecheza kama ameisahau. Na karata za mle ndani, Gwent, zilikuwa upuuzi wa pembeni kama unavyosema, watu wakaacha kumtafuta binti aliyepotea, ambaye ndo misheni yenyewe, wakakaa baa wanacheza karata, mpaka mwaka 2018 zikatolewa kama gemu inayojitegemea. Karata zenye picha.

Mwingine kauliza sasa nataka nini. Nataka hivi: kwenye ile redio pawe na wimbo mmoja wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake, uimbwe kwa lugha ya watu wa pale, na pawe na mtangazaji anayeongea sana. Kwenye lile kabati kiwepo kitabu kimoja kinachofunguka, kiwe cha mapenzi, kiwe cha mapishi, chochote kisichomhusu mfalme. Karata zichorwe. Na wale wazee wanne waandikiwe wanachekea nini.

Kama mnajua nchi ya kutunga yenye wimbo ambao wananchi wake wanaupenda kweli, au utani ambao mgeni haupati mpaka aelezwe, leteni hapa nikaitafute. Mtu asiniletee wimbo wa taifa.